Chumvi ipi, kitoweo kipi: ulinganisho wa kukusaidia kuchagua jikoni Malindi

Ukivuka daraja la Mto Sabaki na kuipita Mambrui, barabara ya Garsen inakufikisha Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana yasiyo na kina, jua na upepo vikayakausha, na chumvi inayobaki chini hukwanguliwa na kurundikwa. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, kwa hiyo kazi hiyo haikosi mali. Watu wa Malindi tumeizoea chumvi kama tulivyouzoea upepo wa kusi. Ni rahisi, iko kila duka, na kwa sababu hiyo hakuna anayeipima.

Siku hizi lakini rafu za maduka zina chumvi za aina aina, na wenye presha nyumbani wanauliza wanunue ipi. Nitazilinganisha hapa. Ila niseme mapema ninachokiamini: katika nyumba zetu nyingi, kubadilisha pakiti ya chumvi kunasaidia kidogo tu ukilinganisha na kubadilisha kinachoingia chunguni pamoja nayo. Kwa hiyo chumvi za dukani nitazipitia kwanza, kisha nikae zaidi kwenye samaki na viungo.

Kiasi kabla ya aina

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya unga, tena kisicho na kilima. Na ni jumla ya yote: iliyo kwenye wali, kwenye mchuzi, kwenye mkate wa asubuhi, kwenye achari, na ile ya kunyunyizia mezani. Wastani wa dunia unapita gramu 10, yaani mara mbili ya ushauri huo. Watoto wanahitaji pungufu ya mtu mzima, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka hafai kutiwa chumvi kwenye chakula chake hata chembe.

Tatizo liko kwenye sodiamu, ambayo ni asilimia 40 ya chumvi. Ikizidi mwilini huvuta maji, damu ikaongezeka wingi ndani ya mishipa ile ile, na moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Figo hufanya kazi ya kuitoa, lakini zikielemewa mwaka baada ya mwaka nazo huchoka, mishipa hukakamaa, na mlango wa kiharusi na ugonjwa wa moyo unafunguka. Hatuathiriki sote sawa. Wazee, wenye kisukari, wenye figo dhaifu na watu wengi wa asili ya Kiafrika presha yao hupanda upesi zaidi kwa chumvi ile ile. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Hilo la pili ndilo linalonisumbua, kwa sababu presha haiumi wala haina dalili ya kukushtua.

Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji mizani. Chukua pakiti ya nusu kilo ya chumvi, andika tarehe uliyoifungua kwa kalamu juu yake, kisha angalia itaisha lini. Nyumba ya watu wazima sita wanaokula gramu 5 kila mmoja wangetumia gramu 30 kwa siku, kwa hiyo nusu kilo ingewatosha siku 16 au 17. Kama yako inaisha ndani ya siku 10 na waliomo ni wanne, jibu umelipata. Toa kidogo kwa ile unayooshea samaki, maana hiyo huenda na maji. Halafu kumbuka kwamba mkate, vidonge vya supu na krisps vina chumvi yao ambayo haikutoka kwenye pakiti hiyo.

Chumvi nne za dukani

Ya unga ya kawaida ndiyo ninayopendekeza kwa nyumba isiyo na mgonjwa. Kenya inalazimisha chumvi ya kula itiwe madini joto, yaani aidini, na hii ndiyo faida ambayo watu huisahau. Upungufu wa aidini huleta rovu shingoni, na kwa mama mjamzito unaweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Sisi wa pwani samaki wa baharini hutupa sehemu ya aidini hiyo, lakini kwa nyumba inayokula maharage na mchicha siku nyingi kuliko samaki, pakiti ya chumvi ndiyo tegemeo. Ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, maana hewa yetu ina unyevu na chumvi iliyoachwa wazi hupoteza aidini, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Ya mawe, ile ya chembe kubwa, ni chumvi ile ile. Wanaoisifu kwamba ni "ya asili" hawajakosea kuhusu itokako, ila sodiamu yake ni sawa kwa uzito sawa. Tofauti ya kweli iko kwenye kijiko: chembe kubwa huacha nafasi katikati, kwa hiyo kijiko kimoja cha ya mawe kina uzito mdogo kuliko kijiko cha ya unga. Mpishi aliyezoea ya mawe akihamia ya unga kwa vijiko vile vile, mchuzi unakoza. Jihadhari pia na ile ghafi ya gunia inayouzwa kwa wanaokausha samaki. Hiyo si lazima iwe imetiwa aidini, na haifai kuwa chumvi ya kila siku ya nyumba.

Ya waridi, inayoitwa ya Himalaya, huchimbwa Pakistan na rangi yake inatokana na chuma kidogo kilichomo. Zaidi ya asilimia 95 yake ni chumvi kama nyingine yoyote. Madini mengine yanayotajwa kwenye pakiti yapo, lakini kwa chembe ndogo mno. Ili uyapate kwa kiasi cha maana ungelazimika kula chumvi ya kukuua kwanza. Mara nyingi haina aidini, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kawaida. Sioni sababu ya mtu mwenye presha kutumia pesa hapo. Zinunulie ndimu.

Ya nne ndiyo iliyo tofauti kweli: chumvi yenye sodiamu kidogo, ambamo sehemu ya chumvi ya kawaida imeondolewa na kuwekwa chumvi ya potasiamu. Ushahidi wake ni mzito. Utafiti mkubwa uliofanywa vijiji 600 vya China na kutangazwa mwaka 2021, ukiwa na watu karibu 21,000 ambao wengi wao walishawahi kupata kiharusi, ulitumia mchanganyiko wa robo tatu chumvi ya kawaida na robo potasiamu. Baada ya karibu miaka mitano, waliotumia mchanganyiko huo walipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu, na vifo vyao vilikuwa asilimia 12 pungufu. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza watu wazima waitumie nyumbani badala ya ile ya kawaida.

Lakini mwongozo huo huo unawaondoa wajawazito, watoto na wenye ugonjwa wa figo, na hapa naomba msomaji asome polepole. Figo dhaifu haziwezi kuitoa potasiamu, nayo ikijaa kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo. Baadhi ya dawa za presha zinazotumika sana kwetu, kama enalapril, losartan na spironolactone, nazo huizuia potasiamu isitoke. Kwa hiyo yule yule mgonjwa wa presha anayeikimbilia chumvi hii ndiye anayepaswa kumuuliza daktari au mfamasia kwanza, akiwa na dawa zake mkononi. Akiruhusiwa, ni chaguo bora kuliko zote nne. Ina uchungu kidogo kwa nyuma, lakini kwenye mchuzi wa nazi wenye ndimu uchungu huo hausikiki sana. Angalia tu pakiti uone kama imetiwa aidini.

Samaki mbichi na ng'onda

Hapa ndipo chumvi nyingi ya Malindi ilipo, na hapa pia ndipo pagumu kushauri, kwa kuwa mtu hali ng'onda, yaani samaki aliyetiwa chumvi akakaushwa, kwa kupenda tu. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki mbichi hupungua na bei hupanda. Asiye na friji hana namna ya kuweka nguru au changu wa leo mpaka kesho kutwa. Ng'onda wa papa au taa hukaa, na kipande kidogo hutosha kuupa mchuzi ladha ya nyumba nzima. Ni akiba ya busara ya watu wa pwani tangu zamani na sitaki kuisema vibaya.

Tazama tofauti lakini. Gramu 100 za samaki mbichi zina chumvi yake ya asili isiyofika hata nusu gramu. Gramu 100 za samaki aliyetiwa chumvi akakaushwa zinaweza kubeba gramu 10 au zaidi. Kipande cha ng'onda cha gramu 50, kikiliwa na mtu mmoja bila kulowekwa vizuri, kinaweza kumaliza kiwango chake cha siku nzima kabla wali haujatiwa chumvi. Dagaa wakavu wako katikati, na inategemea walivyokaushwa: dagaa wengi wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi ndipo wakaanikwa, ilhali wale wa ziwani mara nyingi huanikwa vivi hivi. Muulize muuzaji. Mama anayeuza anajua, na akikuambia "hawa hawana munyu", onja mmoja pale pale.

Ng'onda ukimfanyia kazi, hubadilika kabisa. Kwanza mkate vipande vidogo, vya ukubwa wa vidole viwili, kwa sababu kipande kikubwa hutoa chumvi ya juu tu na ya ndani ikabaki. Suuza mpaka chembe nyeupe ziishe. Loweka kwenye maji mengi, si yale ya kumfunika tu, na baada ya saa moja hivi mwaga maji yote utie mapya. Fanya hivyo mara tatu, ukiweka bakuli penye kivuli na kulifunika, maana joto letu halimngojei mtu. Kisha mchemshe dakika chache na maji hayo nayo uyamwage. Sasa bana kipande, kitafune: kinatakiwa kiwe na ladha ya chumvi, sio ya kukunjisha uso. Mtie kwenye tui zito na nyanya, kitunguu, bizari na pilipili mbichi, na usitie chumvi nyingine. Chungu cha ng'onda hakitiwi chumvi. Wengi huloweka vizuri halafu mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo kwa mazoea, na kazi yote ikapotea.

Ukiwa na uwezo wa kuchagua, na nyumbani kuna mtu wa presha, samaki mbichi awe wa kawaida na ng'onda awe wa mara moja moja. Ukiwa huna uwezo huo kwa msimu, maharage, kunde na mbaazi za nazi zinashinda ng'onda kwa mbali upande huu, tena zina potasiamu inayousaidia mwili kutoa sodiamu. Ila zilowekwe usiku badala ya kulainishwa kwa magadi. Magadi nayo ni sodiamu, ingawa ulimi hausikii chumvi.

Nataja hapa jambo dogo, kwa sababu nimeliona likifanywa na wapishi hodari: kutumbukiza kiazi kibichi kwenye mchuzi uliokoza eti kivute chumvi. Kiazi hunywa maji ya mchuzi pamoja na chumvi yake, hakichagui chumvi peke yake. Mchuzi uliokoza hutibiwa kwa kuongeza tui jepesi, maji au nyanya, basi.

Sima, wali, chapati, mkate

Kwa chumvi peke yake, sima inashinda. Haitiwi chumvi kabisa, na ukila na mchicha wa nazi uliotiwa chumvi kidogo, sahani yote imetulia. Wali wa nazi hutiwa chumvi na mchuzi wake pia hutiwa. Chagua kimoja kikoze na kingine kiwe hafifu, ladha zitakutana mdomoni. Chapati zina chumvi kwenye unga. Mkate wa dukani una takriban gramu moja kwa kila gramu 100, na haonekani mtu anayeuhesabu kwa vile hauna ladha ya chumvi. Afrika Kusini waliona hilo ni kubwa kiasi cha kuweka sheria ya kiwango cha chumvi kwenye mkate, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2016. Mahamri yana chumvi pungufu ya mkate, japo sukari na mafuta ni hesabu nyingine.

Vidonge vya supu au ndimu na ukwaju

Kama ningeruhusiwa kuondoa kitu kimoja tu jikoni mwa mtu, ningeondoa vidonge vya supu na unga wa mchuzi wa pakiti. Katika bidhaa nyingi za namna hiyo chumvi ni nusu ya uzito wake au zaidi, na ubaya ni kwamba mpishi huvitia kama viungo, kisha akatia chumvi kama kawaida. Familia inakula mara mbili bila kujua. Soma nyuma ya pakiti: ukikuta kiasi cha sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Penye miligramu 2,000 za sodiamu pana gramu 5 za chumvi. Tambi za pakiti ni hivyo hivyo, chumvi nyingi iko kwenye kile kifuko kidogo. Kama watoto hawaachi, tia nusu ya kifuko.

Mbadala tunao, tena kwa wingi kuliko watu wa bara. Ndimu ikikamuliwa sufuria ikishateremshwa humfanya mlaji asiikumbuke chumvi. Ukwaju hufanya kazi hiyo kwenye samaki wa kupaka na kwenye viazi vya karai. Embe bichi lililochemshwa na mchuzi, kitunguu saumu, tangawizi, bizari nzima iliyokaangwa kavu kisha ikatwangwa, pilipili mbuzi. Ukali na uchachu huutuliza ulimi unaodai chumvi. Achari sihesabu humo. Ni tamu na siitaki ipotee mezani kwetu, lakini embe na ndimu zake zimekaa kwenye chumvi siku nyingi, kwa hiyo anayekula achari asinyunyize chumvi kando, na kijiko cha chai kinatosha.

Kwa vitafunwa, muhogo wa kuchoma wa barabarani unaopakwa ndimu na pilipili ni bora kuliko krisps za pakiti, mradi umwambie muuzaji, "Kaka, chumvi kidogo tu", kabla hajachovya. Kwenye mikahawa ya Kitaliano, ambayo mjini kwetu haikosekani, pizza yenye jibini na zeituni ni chumvi juu ya chumvi. Anayependa aichukulie kama chakula cha siku hiyo, asiongeze nyama ya makopo usiku.

Jasho, kuharisha na joto la kaskazi

Hoja inayorudiwa kila kaskazi ni kwamba joto linatutoa jasho, kwa hiyo tuongeze chumvi. Kwa mtu anayefanya kazi ofisini, dukani au nyumbani, chumvi ya chakula cha kawaida inatosha na kuzidi. Anachohitaji ni maji. Anayekwangua chumvi juani kutwa nzima au kupiga makasia hupoteza zaidi, na huyo hali yake ni tofauti. Madafu ni kinywaji kizuri kwa wote hao, isipokuwa wenye ugonjwa wa figo, kwa sababu ya potasiamu ile ile.

Kwa anayeharisha, chumvi ni dawa. Pakiti ya unga wa kuchanganya na maji ili kuzuia upungufu wa maji mwilini (ORS) ndiyo bora. Ukiikosa, lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote visiwe na kilima. Hapo usipunguze wala usizidishe.

Kuanza bila ugomvi

Ukimwambia bibi apunguze chumvi kwa ghafla, atakuambia chakula ni chapwa, na atakuwa sahihi kwa ulimi alio nao leo. Ulimi huzoea katika muda wa wiki kadhaa. Punguza robo ya kiasi kwanza, wiki ya pili au ya tatu punguza tena, na ondoa kopo la chumvi mezani liwe la kuendewa jikoni. Nyumba yenye mgonjwa mmoja ipikie wote chungu kimoja hafifu. Kumpikia mzee sahani yake peke yake kunamtenga, na wanaokula chungu cha pili mara nyingi ni wanawe, wenye damu ile ile.

Kwa mwenye presha, kupunguza gramu 4 hivi kwa siku kwa mwezi mmoja au zaidi hushusha ile namba ya juu ya kipimo cha presha kwa takriban 5; kwa asiye na presha, kwa takriban 2. Kwa hiyo nenda ukapimwe kabla ya kuanza, uandike namba zote mbili, na urudi baada ya wiki sita. Kama unameza dawa, endelea kuzimeza hata namba zikipendeza. Daktari akiiona karatasi yako yenye tarehe mbili ndiye atakayeamua kama kuna kidonge cha kupunguzwa.